Jino limekatwa vipande vitatu, bili inasema D7240, bima inasema D7230. Nani mkweli?

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Kwa kifupi: gego lako la mwisho la chini kulia (namba 32) limetolewa kwa upasuaji mrefu, likakatwa vipande vitatu, ukashonwa. Kliniki imeandika D7240, msimbo wa jino lililozama mfupani karibu lote. Bima imelipa kama D7230, msimbo wa jino lililozama sehemu tu, na sasa kliniki inakudai tofauti. Kinachokuuma zaidi ni rafiki yako, aliyekaa kwenye kiti dakika kumi tu, akaandikiwa D7240 ileile na bima yake ikalipa bila kuhoji. Unauliza kama umeibiwa.

Mimi niko huku Marekani, na ninafanya kazi ya kuandaa madai ya bima kwa daktari wa upasuaji wa kinywa. Kabla ya hapo nilikuwa mgonjwa mwenye hasira kama wewe, tena kwa jambo hilihilo. Kwa hiyo nitajibu kwa kofia zote mbili.

Kwanza, msimbo wa jino lililokwama, yaani lililoshindwa kuota lote, haupimi muda uliotumika, wala vipande, wala maumivu. Unapima kitu kimoja: kichwa cha jino kilikuwa kimefunikwa na nini kabla daktari hajaanza kazi. Rafiki yako anaweza kuwa na jino lililozama lote mfupani lakini lenye mizizi mifupi iliyonyooka. Mfupa ukiondolewa kidogo juu, linachomoka kama njugu. Lako linaweza kuwa lilichungulia kidogo juu ya mfupa huku mizizi yake imejikunja kama ndoana, likamtoa daktari jasho. Kwa misimbo, la kwake ni D7240 na la kwako D7230, hata kama wewe ndiye uliyeteseka.

Yalinikuta mwenyewe. Nilitolewa magego manne siku moja. La chini kulia lilitoka haraka, la chini kushoto, namba 17, likachukua karibu saa nzima, na mdomo wangu upande ule ulibaki na ganzi kwa wiki tatu. Bili ilipokuja, lile jepesi limeandikwa D7240 na lile la mateso D7230. Nikapiga simu nikiwa nimepandisha, nikidai wamebadilisha namba za meno. Mama aliyekuwa mapokezi hakubishana nami. Aliniambia nije, akaweka picha yangu ya eksirei kwenye mwanga, akanionyesha kwa kalamu: upande wa kulia mstari wa mfupa unapita juu ya jino zima, kushoto unakata katikati ya kichwa. Na chini ya mizizi ya lile la kushoto ulipita mfereji wa neva ya taya, umeigusa kabisa. Ndiyo maana daktari alikwenda polepole. Polepole ile haina msimbo wake.

Sasa misimbo yenyewe. Inatoka kwenye orodha ya CDT ya Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani, ADA, na chini ya HIPAA, sheria ya Marekani ya taarifa za afya, ndiyo orodha rasmi ya madai ya meno yanayotumwa kwa kompyuta. Hupitiwa kila mwaka, toleo jipya linaanza kutumika tarehe 1 Januari. Kila kinachoanza na D7 ni upasuaji wa kinywa. Kwa meno yaliyokwama, D7220 ni jino lililofunikwa na ufizi tu. Daktari anafungua nyama, hagusi mfupa. D7230 ni pale sehemu ya kichwa cha jino iko ndani ya mfupa, ufizi unafunguliwa na mfupa unaondolewa. D7240 kazi ni ileile ya kufungua na kuondoa mfupa, ila sehemu kubwa ya kichwa au kichwa chote kimefunikwa na mfupa. Kisha kuna D7241: limefunikwa kama la D7240, na juu ya hapo kuna ugumu usio wa kawaida, mfano neva ililazimika kutenganishwa na jino, au sainasi, ule uwazi wa hewa ulio juu ya taya la juu, ilihitaji kufungwa peke yake, au jino limekaa mahali pa ajabu. Hii ya mwisho bima huiangalia kwa jicho la askari wa barabarani. Bila maelezo ya maandishi haipiti.

Umeona tofauti ya D7230 na D7240 ilivyo nyembamba? "Sehemu" dhidi ya "sehemu kubwa au yote". Ugomvi wako wote uko hapo. Nani anapima? Mkaguzi wa bima anatazama picha ya taya zima, picha bapa, na mfupa ulioko mbele au nyuma ya jino hauonekani vizuri kwenye picha ya namna hiyo. Daktari aliyefungua ufizi aliuona kwa macho. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli kwa walichokiona.

Nigusie na lile la vipande, maana wengi hukosea hapo. Jino kukatwa halilifanyi kuwa "lililokwama". Jino lililokwisha kuota kama kawaida, likavunjika au likagoma, daktari akalazimika kulikata au kuondoa mfupa, lina msimbo wake, D7210. Likitoka kwa koleo bila upasuaji ni D7140. Kwa hiyo ukijitetea kwa bima kwamba "lilikatwa vipande vitatu" hujawaambia chochote kinachotenganisha D7230 na D7240. Hoja yako ni mfupa. Shikilia mfupa.

Na mfupa huo unapatikana kwenye maelezo ya upasuaji, ile karatasi anayoandika daktari baada ya kukuhudumia. Hapa nitawasema kidogo mabosi wetu. Madaktari wengine wana mikono ya dhahabu na kalamu ya mvivu. Nimeshika mafaili yenye mstari mmoja: "32 limetolewa, nyuzi mbili." Nani alipe D7240 kwa mstari huo? Maelezo yanayosimama yanasema ufizi ulifunguliwa wapi, mfupa ulifunika kiasi gani cha kichwa na upande gani, uliondolewa kwa kifaa gani, jino liligawanywaje, neva ilionekana au la, nyuzi ngapi. Tangu nianze kazi hii, madai niliyoshinda baada ya kukataliwa mengi yalishinda kwa sababu ya karatasi hiyo, siyo kwa kufoka kwenye simu.

Lakini kabla hujaanza vita, chukua ile karatasi ya bima wanayoiita EOB, yaani maelezo ya walicholipa na kwa nini, yenye maandishi kwamba hii si bili. Kuna mambo mawili ya kutazama.

La kwanza ni safu ya kiasi anachodaiwa mgonjwa. Kama kliniki yako imo kwenye mtandao wa bima hiyo, imesaini mkataba wa bei, na kwa kawaida haitakiwi kukutoza zaidi ya kiasi hicho. Bima ikishusha msimbo kwa malipo, tofauti huenda ni hasara ya kliniki kwa mujibu wa mkataba wao, siyo yako. Ipigie bima, soma namba ya dai, uliza swali moja: "Kliniki inaruhusiwa kunidai tofauti hii?" Andika jina la aliyekujibu na tarehe. Kama kliniki iko nje ya mtandao, hapo hali ni nyingine, wanaweza kukudai bei yao yote.

La pili ni ukomo wa mwaka, na hapa ndipo watu hupoteza wiki nzima bure. Mipango mingi ya meno hulipa kati ya dola 1,000 na 2,000 tu kwa mwaka, ukishafika hapo wamefunga duka. Tuseme ukomo wako ni dola 1,500, bei ya mkataba ya upasuaji wote ni dola 2,200, na bima inalipa asilimia 80. Asilimia 80 ya 2,200 ni 1,760, tayari umevuka. Watakupa 1,500 na basi. Hata ukishinda rufaa na msimbo ukarudi kuwa D7240, hupati senti zaidi, kwa sababu kisima kimekauka. Angalia kwanza kama kuna maji ndipo ugombanie ndoo.

Ukikuta salio lipo, kata rufaa kwa maandishi. Omba kliniki ikupe picha, maelezo ya upasuaji na barua fupi ya daktari inayotaja maneno ya msimbo wenyewe: sehemu kubwa ya kichwa ilifunikwa na mfupa. Kama ulipigwa ile picha ya pande tatu ya CBCT, iambatanishe, maana hiyo inaonyesha mfupa ambao picha bapa inauficha. Omba dai lipitiwe na daktari wa meno, siyo karani. Kama bima yako ni ya kazini na iko chini ya sheria ya ERISA ya mwaka 1974, una angalau siku 180 tangu upokee barua ya kukataliwa. Usizimalize zote ukisubiri hasira zipoe.

Mdau mmoja hapo juu amekushauri uiombe kliniki "ipandishe tu iwe D7241 ili wakubali D7240". Usithubutu. Msimbo unaandikwa kwa kilichokuwepo kinywani. Kuubadilisha ili bima ilipe zaidi ni udanganyifu, na jina lako limo kwenye dai hilo. Vilevile bima ikishusha malipo, kliniki haina sababu ya kubadili ilichoandika kama kilikuwa sahihi. Bima imeamua kulipa kama D7230. Haijabadilisha jino lako.

Umeuliza pia kuhusu mistari ya usingizi kwenye bili, kwamba umetozwa "mara tatu". Hapana, ni muda. Usingizi mzito huhesabiwa kwa vipande vya dakika 15: D9222 ni dakika 15 za kwanza, D9223 ni kila dakika 15 zinazofuata. Dakika 45 zinakupa mstari mmoja wa D9222 na miwili ya D9223. Saa inaanza pale daktari anapoanza kukupa dawa na kukufuatilia akiwa kando yako, inasimama unapoweza kuachwa salama chini ya uangalizi wa wasaidizi. Kukaa chumba cha kupumzikia ukiota ndoto hakuhesabiwi. Kama saa zao haziendani, omba karatasi ya kumbukumbu ya usingizi, ina dakika zote. Ganzi ya sindano ya kawaida, kwa upande mwingine, huhesabiwa ndani ya bei ya jino. Kutoa nyuzi vilevile. Ukirudi siku ya tatu shimo likiwa limekauka na maumivu yanapanda hadi sikioni, kuna msimbo D9930 wa matatizo baada ya upasuaji, ingawa mipango mingi huihesabu kazi hiyo kuwa sehemu ya upasuaji akiifanya daktari yuleyule.

Jambo jingine ambalo hakuna anayekuambia mapokezi: soma pia bima yako ya afya ya kawaida. Baadhi hulipia meno yaliyozama mfupani, na baadhi ya bima za meno hukataa kulipa mpaka bima ya afya ijibu kwanza, hata kama jibu ni hapana. Huko dai huenda na msimbo wa ugonjwa, K01.1, yaani meno yaliyokwama. Nimeona dai limekaa miezi minne kwa kukosa karatasi moja ya kukataliwa. Ajabu, lakini ndivyo: unahitaji "hapana" ya huku ili upate "ndiyo" ya kule.

Kwa wale ambao bado hawajakatwa na wanasoma uzi huu wakijipapasa shavu: iombeni kliniki itume makadirio ya awali kwa bima pamoja na picha. Yakirudi yameandikwa D7230, ugomvi unafanyika mapema, kabla ya kisu. Makadirio si ahadi ya malipo, lakini si haba. Kama magego yako manne hayana uvimbe wala usaha, na daktari amekubali, yanaweza kugawanywa, mawili Desemba na mawili Januari, upate ukomo wa miaka miwili ikiwa mpango wako unahesabu mwaka wa kalenda. Hasara yake ni kulipia usingizi mara mbili na kula uji mara mbili. Mimi nisingefanya, ila nimeona waliofanya wakashukuru. Asiye na bima kabisa, tangu Januari 2022 ana haki ya kupewa makadirio ya bei kwa maandishi, na bili ikizidi makadirio hayo kwa dola 400 au zaidi anaweza kulalamika ndani ya siku 120.

Kwako wewe, mkuu, kesho asubuhi ni simu mbili tu: bima kuhusu lile deni na salio la mwaka, kliniki kuhusu maelezo ya upasuaji. Wakikupa hiyo karatasi, tafuta sentensi inayotaja mfupa, uje uandike hapa imesemaje.