Sensa ni nyeti, mbona namba zinaruka?

SWALI: Nimenunua sensa ya sumaku (kifaa cha kupima nguvu ya sumaku) aina ya flaksigeti, inayotambua hadi nanotesla 1, kipimo kidogo cha nguvu hiyo. Naitafutia nanga ya chuma ya kilo 20 iliyozama kwenye kina cha mita 5. Nikiisimamisha wima mtumbwini, namba zinapanda na kushuka kwa 400. Je, ni mbovu?
Msomaji, Igombe, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, sensa yako ni nzima, mtumbwi ndio unaoyumba. Flaksigeti hupima sehemu ya uga, yaani nguvu ya sumaku iliyoenea mahali, inayopita kwenye mhimili wake tu. Uga wa dunia hapa Mwanza ni takriban nanotesla 33,000, na umelala zaidi kuliko kusimama, hivyo sensa ya wima ikiinama digrii 1 kuelekea kaskazini au kusini, namba hubadilika kwa kama 500. Nanga yako, kwa umbali wa mita 5, inatoa kati ya 1 na 15 tu. Wimbi dogo linaimeza.

Tafuta sensa ya pili ya aina hiyohiyo. Zifunge zote ndani ya bomba moja la plastiki, moja juu ya nyingine, nusu mita kati yao, usome tofauti yao. Uga wa dunia hujifuta. Wa nanga haujifuti, kwa sababu sensa ya chini iko karibu nayo zaidi.

Kazi kubwa ni kuzinyoosha zielekee upande mmoja kabisa. Zikipishana digrii 0.1, kosa hufika nanotesla 50. Nenda uwanjani, mbali na magari na mapaa ya bati, simu uiache pembeni, uzungushe bomba taratibu likiwa wima. Tofauti ikipanda na kushuka, ingiza kikaratasi chini ya ubavu mmoja wa sensa moja, uzungushe tena, mpaka mchezo uwe chini ya 2. Usiharakishe hapa. Kisha lilaze, ulielekeze kaskazini, halafu kusini: tofauti ikibadilika, gaini (kiwango ambacho kila sensa hukuza inachopima) hazilingani, zirekebishe.

Skrubu ziwe za shaba. Uzito wa kuzamishia uwe risasi za nyavu, ila zijaribu kwanza kwa sumaku, inayonasa iache. Shusha bomba kwa kamba hadi mita 2 kutoka chini: nguvu ya nanga huongezeka mara 15, na misumari ya mtumbwi inabaki mbali.

Pita kwa mistari ya kaskazini–kusini. Usisubiri kilele juu ya nanga: kwa kuwa uga wetu umelala, namba hupanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, mita 2 hivi kati yake. Mara nyingi nanga iko hapo katikati.