Kupeleka kikundi Ngome Kongwe ya Bagamoyo: jibu kwa dada katibu wa Morogoro

Dada katibu, salamu kwako na kwa akina mama wote wa kikundi. Umesema mko watu 45, wazee wamo na wajukuu wamo, mtatoka Morogoro na kurudi siku hiyo hiyo, na mnataka kuona "lile gereza la watumwa", yaani Ngome Kongwe, magofu ya Kaole, Misheni ya Kikatoliki, kisha muogelee. Wadau wameshakujibu kuhusu kukodi basi na wapi pa kula samaki. Mimi ni mkazi wa Bagamoyo, nimefundisha historia hapa miaka mingi, na vikundi kama chenu nimevipokea sana. Ngome ndiyo sababu ya safari yenu, kwa hiyo siku ipangeni kuizunguka yenyewe, msiichomeke katikati ya mambo mengine.

Kwanza mjue mnakwenda kuona nini. Jengo lilianza kama nyumba ya mawe ya mfanyabiashara Mwarabu, Abdallah Marhabi, mnamo 1860. Baadaye likapita mikononi mwa Sultani Barghash wa Zanzibar, kisha Wajerumani wakalitumia kijeshi, Waingereza wakalifanya gereza, na baada ya uhuru polisi wakakaa humo muda mrefu kabla halijawa mali ya Idara ya Mambo ya Kale ya serikali. Kwa hiyo kuta ni zile zile, ila waliofungiwa ndani walitofautiana kwa zama. Simulizi za hapa mjini zinasema watumwa waliwekwa pale wakingoja majahazi ya Unguja, na utasikia pia habari ya njia ya chini kwa chini mpaka ufukweni. Sikilizeni, ni sehemu ya kumbukumbu ya mji. Lakini mkija na "gereza la watumwa" peke yake kichwani, mtatoka bila kuwajua wafungwa wa baadaye, na hao ndio walio karibu zaidi na babu zetu: wanaume waliofungwa kwa kukosa kodi ya kibanda, wafungwa wa zama za Wajerumani waliotembezwa wamefungwa mnyororo mmoja shingoni, watu waliochapwa ile hamsa wa ishirini, yaani viboko 25. Kwenye kila kikundi kikubwa hapakosi mzee ambaye baba yake au babu yake alipitia mojawapo ya hayo. Mwacheni aseme.

Nakumbuka mama mmoja mtu mzima, aliyeingia kwenye chumba kimoja cha chini akaweka kiganja ukutani. Ukuta ule ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, kwa hiyo mkono ulitoka na unga mweupe. Hakuuliza mwaka wala jina la sultani. Aliuliza, "Maji walikuwa wanapewa saa ngapi?" Mwongozaji alinyamaza kidogo, akajibu kwa uaminifu kwamba hilo hajalikuta limeandikwa popote. Wenzake wakaanza kuuliza mengine: chakula kilipikwa na nani, mwenye homa alilala wapi, mwanamke aliyejifungua je? Walikaa chumbani humo muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote za jengo. Kikundi kinahitaji nafasi ya namna hiyo, na nafasi hiyo haipatikani mkiwa 45 mmesongamana mlangoni.

Ndiyo maana nasema mgawanyike. Vyumba ni vidogo na ngazi ni nyembamba. Fanyeni makundi matatu ya watu 15, kila moja na kiongozi wake mwenye orodha ya majina. Kundi moja likiwa ndani ya Ngome, la pili liwe Karavanserai, kituo cha kale cha misafara, la tatu litembee na mwongozaji kwenye mtaa wa Mji Mkongwe kuelekea Boma la Wajerumani la 1897, halafu mbadilishane. Msiwagawe kwa umri. Wajukuu wakae na bibi zao, maana mtoto akisikia jambo zito anamtazama mtu wake, na bibi akishamshika mkono mambo yanakwenda vizuri.

Kama mnaweza, kundi lenye wazee wengi, pamoja na wajukuu wao, lianzie Karavanserai. Pale mtu anaelewa kwanza ukubwa wa njia: misafara ilitoka Ujiji kupitia Tabora, kilomita 1,200 hivi kwa miguu, mpaka kufika baharini hapa. Pia ataelewa kwamba si kila aliyefika na mzigo begani alikuwa mtumwa. Wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, wakibeba pembe za ndovu kuja pwani na kurudi bara na vitambaa na shanga. Wengine walibebeshwa kwa nguvu na kuuzwa. Yote mawili yalitokea kwenye barabara ile ile, na mwongozaji mzuri anakusimulia yote mawili.

Kuhusu mwongozaji, hapa ndipo vikundi vinapoumia. Basi likisimama tu, watakuja vijana wachangamfu kuwaambia wao ndio wenye kazi hiyo. Wengine wanajua sana. Wengine hawajui, na wanafidia kwa kutia chumvi. Kuna kikundi cha wanafunzi nilikikuta uwanjani kinaambiwa na kijana mmoja kwamba Abushiri, kiongozi wa vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa hapo hapo Bagamoyo, na kila mtoto ameandika kwenye daftari. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani, tarehe 15 Desemba 1889. Hapa kwetu alipigana, na mji uliumia vibaya katika vita vile, lakini kifo chake ni cha Pangani. Wengine, ni kweli, walinyongwa Bagamoyo na Wajerumani, na eneo hilo mtaonyeshwa. Basi mwongozaji mpangiwe na ofisi ya Ngome yenyewe, kabla hamjasafiri. Mwombeni jambo moja waziwazi: kila anaposimulia, aseme lipi limeandikwa na lipi linasimuliwa. Anayeijua kazi yake hufurahi kuulizwa hivyo.

Barua itangulie. Andikeni idadi, umri kwa makadirio, tarehe na saa ya kufika, na kama kuna wanafunzi mtaje shule yao, kwa sababu kiingilio cha mwanafunzi, cha mtu mzima raia na cha mgeni wa nje hakilingani. Kama kuna shemeji au mkwe mwenye pasi ya nchi nyingine, mtajeni mapema ili msianze kuchangishana upya getini. Lipeni kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali na mdai stakabadhi. Mtu akiomba apewe fedha mkononi "awarahisishie", mkataeni kwa upole. Na mhazini wenu asiwe kiongozi wa kundi siku hiyo, awe huru.

Sasa Kaole. Najua mnaitaka, na ni kweli ni pakongwe kuliko kila mnachokwenda kuona mjini. Misikiti yake inaanzia karne ya 13, na yale makaburi yenye minara hutayaona Morogoro. Lakini iko kilomita 5 hivi kutoka mjini, na habari yake ni nyingine kabisa, ya miji ya Waswahili kabla ya yote haya. Kwa safari ya siku moja kutoka Morogoro, iacheni. Mkitoka nyumbani saa 12 alfajiri na kupita Chalinze na Msata, mtaingia Bagamoyo saa 4 asubuhi hivi, na saa 9 alasiri inabidi muwe barabarani mnarudi. Muda huo unatosha Ngome, Karavanserai, chakula na Misheni. Kuogelea nako nawasihi mkuache, si kwa sababu ya muda tu. Kuwatoa watoto chumba cha gereza na kuwatia majini moja kwa moja kunawafuta kila walichosikia. Mkipata siku mbili, basi mlale, na asubuhi ya pili iwe ya Kaole na bahari.

Misheni msiiache kamwe, na iwe ya mwisho. Mapadri wa Roho Mtakatifu walianza hapo 1868, wakajenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Kwenye makumbusho yao kuna minyororo, na habari ya mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi kutoka Uingereza, ulioletwa na watumishi wake Chuma na Susi na wenzao Februari 1874. Pale pia ndipo maswali ya Ngome yanapopata nafasi ya kujibiwa, kwa sababu watu wanakaa chini ya miti, wamekula, hawana haraka. Muulizeni mwongozaji utumwa ulikoma lini. Wengi hudhani ulikwisha na mkataba wa Barghash wa 1873. Mkataba ule ulifunga soko la Zanzibar na kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Huku bara utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Hesabuni, dada katibu: huenda mama aliyemzaa mmoja wa wazee wenu alikuwa amekwisha zaliwa.

Yaliyobaki ni mafupi. Mji Mkongwe ni mtaa wanakoishi watu, na wengi ni Waislamu, kwa hiyo khanga ziwepo begani, na msipange Ijumaa adhuhuri. Chakula agizeni siku moja kabla kwa mama ntilie au mgahawa mmoja, wali wa nazi na samaki kwa watu 45 hautokei ghafla. Mkitembea, tembeeni kwa makundi na mwongozaji, hasa sehemu za ufukweni zisizo na watu. Masika, bonde la Ruvu hujaa, kwa hiyo ulizeni hali ya barabara ya Msata kabla ya kulipa basi. Juni mpaka Septemba ni salama zaidi na jua si kali.

Picha pigeni, ila wekeni sharti mapema: hakuna mtu kujifunga mikono au kujifanya mfungwa ili apate picha ya kuchekesha. Mimi hulisema hilo ndani ya basi kabla watu hawajashuka, na sijapata kuona mtu akilikataa.

Naomba uniandikie hapa hapa mambo mawili: wazee wasioweza kupanda ngazi ni wangapi, na mtoto mdogo kuliko wote ana miaka mingapi. Wasiopanda wanaweza kusimuliwa vizuri uani, nitakueleza wakae upande gani wenye kivuli. Kwa walio chini ya miaka saba nina utaratibu wa peke yake, kwa sababu mambo ya minyororo hayasimuliwi kwao kama kwa wakubwa. Nikishajua, nitakupangia saa kwa saa.