Usitoe DCP kabla hujauliza joto la mashine

Huo mfuko usiupeleke mashineni Jumamosi. Simama kwanza! Umeandika kwamba umenunua unga wa faitesi, kimeng'enya cha kuongeza kwenye chakula, kwa ajili ya kuku 400 wa nyama, utautia kwenye mchanganyiko, chakula kipigwe peleti kwa mvuke, na DCP, yaani madini ya fosforasi na kalsiamu yanayotiwa kwenye chakula, unaitoa yote ili kupunguza gharama.

Mimi nilifanya hivyohivyo kwa vifaranga 500. Siku ya 17 wakaanza kukalia visigino, maji yapo hatua mbili tu na hawayafuati. Daktari wa mifugo akashika mdomo wa mmoja, akaupinda kwa vidole, ukapinda kama mpira. Akachinja watatu: mfupa wa paja ulikunjika badala ya kukatika. Matege. Nilizika 140, na waliobaki nikawauza kwa bei ya kutupa maana hawakufika hata kilo moja. Ada ya mwanangu ya muhula ule ilikuwa mle bandani.

Elewa kilichotokea. Karibu theluthi mbili ya fosforasi ya mahindi na soya imefungwa ndani ya faiteti, ghala la fosforasi la mbegu, na kuku mwenyewe hana kimeng'enya cha kutosha kuifungua. Faitesi ndiyo inayoifungua. Ile iliyoanza kuuzwa Uholanzi mwaka 1991 ilitokana na Aspergillus niger, ukungu uleule ambao viwanda huutumia kuchachusha sukari ili kupata asidi ya sitriki. Inapenda uchachu: inafanya kazi vizuri kwenye pH 5.5, na tena karibu na 2.5, kwa hiyo tumbo la kuku linaifaa kabisa. Lakini joto inalolipenda ni nyuzi 55 hivi, na mvuke wa peleti hufika 80 mpaka 90. Kimeng'enya ni protini. Kikipigwa na joto hilo kinaharibika umbo, kama ute wa yai ukishaiva, na sehemu kubwa ya nguvu yake inapotea. Kuku wangu walikula unga uliokufa, na DCP nilishaitoa.

Yule muuzaji aliniambia, "Changanya tu, hii haina masharti." Ina masharti! Alininyooshea kidole kwenye namba kubwa ya FTU mfukoni, yaani kipimo cha nguvu ya faitesi, asiniambie kwamba FTU hupimwa maabara kwa nyuzi 37, si kwa joto la mvuke. Nilipompigia kuku wanakufa, akasema labda ni maji ya kisima. Bado nina hasira naye.

Sasa muulize mwenye mashine: mvuke wako ni nyuzi ngapi? Kama hajui, rudi na mfuko wako. Lisha chakula cha unga kisichopita kwenye mvuke, au tafuta faitesi iliyofunikwa kuhimili joto na mfuko uwe umetaja nyuzi zenyewe, au ile ya maji inayopuliziwa peleti zikishapoa. Na hata hapo DCP usiitoe yote, kwa sababu faitesi haifungui faiteti yote.

Piga picha upande wa nyuma wa mfuko, kwenye maandishi madogo, uiweke hapa kabla ya Jumamosi. Nitaisoma hata usiku.