Maswali ya Wasomaji: Vifuko vya Sarafu vya Bei Chee

SWALI: Shikamoo mhariri. Nimeagiza mtandaoni fremu 100 za kadibodi na vifuko 50 vya plastiki laini vya kuhifadhia sarafu, vyote shilingi 28,000. Tangazo lilisema havina plastiki ya PVC. Vifuko vinanuka, na fremu nyingi nailoni ya dirishani imebanduka kabla hata sijatia sarafu. Muuzaji wa Kariakoo ananijibu kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Nivitumie tu ili hela isipotee? (Msomaji wa Pasua, Moshi)

JIBU: Marahaba. Usivitumie, hata kimoja. Hela iliyopotea ni 28,000; sarafu ikishaliwa na kemikali hakuna fundi wa kuirudisha ilivyokuwa.

Harufu hiyo, kama ya kitambaa kipya cha plastiki cha kufunikia meza, ndiyo dalili ya kwanza ya PVC. PVC kwa asili ni ngumu, kama bomba la maji. Ili iwe laini kiwandani huchanganywa na mafuta ya kulainisha, na mafuta hayo hayatulii: hutoka polepole kama jasho na kuganda juu ya sarafu. Plastiki yenyewe nayo ikichakaa hutoa asidi yenye klorini inayoishambulia shaba. Joto na unyevu huharakisha mambo, kwa hiyo masika ya Moshi si rafiki wa vifuko hivi. Shilingi za Afrika Mashariki za 1921 hadi 1946 huathirika upesi kwa sababu robo tu ndiyo fedha halisi. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni shaba.

Jaribu hivi. Kata kipande cha kifuko, kitumbukize kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni, kisha kizamishe kwa kijiti hadi mapovu yote yatoke. Kikielea ni polietilini au polipropilini, na zote mbili ni salama. Kikizama bado hujui, maana polyester, ambayo nayo ni salama, huzama vilevile. Zitofautishe kwa mkono: polyester ni kavu na hulia kama karatasi ya biskuti, PVC ni laini na hunata kidogo.

Ukitaka uhakika zaidi, toka nje, simama upande upepo unakotoka. Shika waya wa shaba kwa koleo, uchome kwenye moto wa gesi mpaka moto usiwe na kijani, uguse plastiki kwa waya huo wa moto, kisha urudishe motoni. Kijani kikali maana yake kuna klorini. Kipande kiwe kidogo kama punje ya mchele na usivute moshi wake. Moto wa mkaa haufai, rangi haionekani vizuri.

Sasa muuzaji. Wewe hukubadili mawazo, umeletewa kitu kisichofanana na tangazo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na anayenunua bila kuiona apewe nafasi ya kuikagua. Lakini ukishapiga stepla fremu na kujaza sarafu, hoja yako inadhoofika sana. Kwa hiyo acha mzigo kama ulivyo, isipokuwa vifuko viwili vya majaribio. Hifadhi picha ya skrini ya tangazo kabla halijafutwa, ujumbe wa muamala na risiti. Kisha hesabu fremu zilizobanduka. Kumwambia "vitu vyenu vibovu" hakutakusaidia. Mwandikie namna hii, ukiweka matokeo na hesabu yako:

"Tangazo lenu linasema vifuko havina PVC. Viwili nilivyojaribu vimezama majini na vimetoa moto wa kijani. Fremu 31 kati ya 100 nailoni imebanduka kabla ya kutumika. Mzigo uko kamili isipokuwa vifuko hivyo viwili. Naomba nirudishiwe shilingi 28,000, na mseme nani analipa nauli ya mzigo."

Hilo la nauli lipate kwa maandishi kabla hujaenda stendi, na risiti ya basi itunze. Akikataa kabisa, peleka malalamiko kwa jukwaa lililobeba tangazo, kisha Tume ya Ushindani, ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake.

SWALI: Rupia za Wajerumani nilizoziweka kwenye vifuko vya aina hiyo zimetoa utando wa kijani unaonata. Nizisugue na ndimu na majivu? (Ngarenaro, Arusha)

JIBU: Hapana! Ndimu ni asidi na majivu ni msasa. Rupia ina fedha 917 kwa 1,000, nyingine ni shaba, na huo utando bado unaweza kutoka kama haujala sarafu yenyewe.

Tafuta asetoni safi kwa wauza kemikali za maabara. Ya kutolea rangi ya kucha haifai, ina mafuta na manukato. Tumia vyombo viwili vya kioo, kwa sababu asetoni huyeyusha baadhi ya plastiki. Fungua madirisha, na pasiwe na moto wala kiberiti karibu. Loweka sarafu dakika 15 kwenye chombo cha kwanza, igeuze, kisha isuuze kwenye cha pili chenye asetoni mpya. Iache ikauke yenyewe juu ya kitambaa cha pamba bila kufuta. Kama bado inanata, rudia na uiache usiku mzima, chombo kikiwa na kifuniko. Kijani kigumu kisichoyeyuka ni kutu ya shaba, si mafuta ya plastiki, na hapo asetoni haina kazi. Ukiona vishimo chini ya utando, vimebaki hivyo.

SWALI: Ninunue nini basi bila kuvunja benki ya nyumbani? (Tengeru)

JIBU: Kwa sarafu za kawaida, vile vifuko vidogo vya zipu vya kuwekea vidonge kwenye maduka ya dawa vinatosha, mradi vielee kwenye jaribio la maji. Sarafu moja kifuko kimoja. Mpira wa kufungia usiukaribishe, una salfa inayoifanya fedha kuwa nyeusi.

Fremu za kadibodi ni nzuri zikiwa na dirisha la polyester, ila angalia vipimo. Shilingi ya Afrika Mashariki ina kipenyo cha karibu milimita 27.8, kwa hiyo dirisha la 27.5 linaibana, chukua la 30. Rupia na senti 10 yenye tundu ni kama 30.5, zinahitaji 32.5. Kabla ya kufunga, puliza vumbi la kadibodi, kwa sababu likibaki juu ya shaba huacha madoa meusi. Piga stepla pande tatu, kisha bana pini kwa koleo zilale kabisa. Ncha iliyosimama itachubua sarafu ya jirani. Siku ya kuitoa sarafu, kata ukingo wa fremu kwa mkasi. Wengi huivuta kadibodi, na pini hupita juu ya uso wa sarafu.

Kapsuli ngumu, yaani vikasha vya plastiki vya sarafu moja moja, zibaki kwa zile chache za thamani, kwa mfano sarafu za Wajerumani za heller 20 zilizotengenezwa Tabora mwaka 1916. Hizo usizioshe kwa chochote kabla mjuzi hajaziona.