Waulize Mafundi: Bati zima, dohani bado inavuja

SWALI: Assalaam alaykum. Nina tanuri la mikate nyuma ya nyumba. Dohani yake ni ya matofali, imetokeza juu ya bati, upana kama sentimita 90. Fundi wa kwanza aliizungushia saruji, vuli ikavuja. Wa pili akapaka lami juu ya saruji, na bado ukuta unachuruzika maji ya rangi ya chai. Nibadilishe bati zote?
Mwoka mikate, Ngamiani, Tanga

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Bati ziache kwanza, huenda hazina kosa. Jua la mchana hulitanua bati na usiku likanywea, ila matofali hayafuati mwendo huo. Saruji iliyoshika vyote viwili lazima ipasuke, na ufa wa unene wa unywele unatosha kunyonya maji. Lami nayo hukauka juani na kupasuka palepale. Tena saruji mbichi hula koti la bati, ndiyo maana kutu huanzia hapo.

Kabla ya kununua chochote, pima kwa mpira wa maji siku kavu. Anza upande wa chini wa dohani, unaoelekea gata, kisha mbavuni, mwisho upande wa juu, unaoelekea kofia ya paa. Kila upande dakika 10, na mtu awe ndani na tochi. Mwisho kabisa mwagia kidogo mdomoni mwa dohani. Maji ya chai yenye harufu ya masizi yakitoka hapo tu, mvua inaingilia mdomoni: dohani inataka kofia yake, iliyoinuliwa ili moshi upite.

Mara nyingi, hata hivyo, mkosaji ni upande wa juu. Maji ya paa zima lililo juu yake hugonga pale na kusimama, majani ya mwarobaini yakayazuia, yakapanda hadi kupita ukingo wa bati. Hapo panatakiwa bati la kukunja, lile mafundi wanaloliita flashingi, na mpangilio wake ndio kazi yenyewe.

Kwangua saruji na lami yote. Anza na kipande cha chini: kilale juu ya bati sentimita 15 na kiinuke ukutani sentimita 15. Vya mbavuni vifuate, vikivuka angalau mgongo mmoja na nusu wa bati. Kipande cha juu huja mwisho: kinalalia vya mbavuni, lakini ukingo wake wa juu unaingia CHINI ya bati za juu, sentimita 20 au zaidi. Mafundi wengi hukilaza juu ya bati kwa sababu kukiingiza chini kunataka kufungua skrubu na kuinua bati. Simama uone zikifunguliwa. Kikilazwa juu, maji yanaingia chini yake moja kwa moja.

Kisha chana tofali kwa grenda kwenye kiungo cha saruji, kina cha sentimita 2.5, uingize kipande kingine kinachoshuka na kufunika kile kilichopanda ukutani. Viwili hivyo visifungwe pamoja. Kimoja kinashikwa na paa, kingine na dohani, viteleze.

Dohani inayozidi sentimita 75 kwa upana huongezewa nyuma yake tuta la bati, umbo kama tuta la viazi, ili maji yagawanyike kulia na kushoto. Yako inalihitaji.

Silikoni ya kuzibia mchano iwe ya aina isiyo na asidi. Ukiifungua ikanuka siki, irudishe dukani, maana asidi hiyo hula bati. Na kama bati lako ni la aluzinki (lenye koti la alumini na zinki), flashingi ya madini ya risasi usikubali.

SWALI: Bati la mwanga ukumbini linadondosha maji kwenye skrubu, ingawa fundi amezikaza mara mbili.
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Kukaza ndiko kunakoliharibu. Joto likiongezeka kwa nyuzi 40, bati la plastiki (polikaboneti) la mita 3 hurefuka milimita 8 hivi, la chuma halifiki hata milimita 2. Likibanwa, linapasuka kuanzia kwenye tundu. Skrubu ya milimita 6 itobolewe tundu la milimita 10 kwa drili, wala si kwa msumari, juu ya mgongo na kamwe si bondeni, ikiwa na washa pana ya mpira. Kaza mpaka washa ikae, uishie hapo. Tundu lililokwisha pasuka halizibiki, badilisha bati.

Ununuapo, nenda dukani na kipande cha bati lako. Migongo isipolingana, pembeni hubaki uwazi, na mvua ya upepo wa kusi hupenya humo hata kama skrubu ni nzima.

SWALI: Bomba la chuma la jiko la kuni: mpira uliozibia paani umeyeyuka.
Msomaji, Pangani

JIBU: Huenda mlifunga mpira mweusi wa mabomba ya choo. Ulizia wa silikoni wa kuhimili joto, mara nyingi mwekundu, na juu yake funga kola ya bati kwenye bomba ili maji yamwagike nje ya mpira.