Maswali na Majibu: Ubao Umejaa, Kazi Haitoki

Maswali mengi safari hii yametoka kwa timu za programu zilizohamia hivi karibuni kanbani, yaani kuendesha kazi kwa kadi ubaoni, kila kadi kazi moja. Nimeyafupisha, na majina nimeyaacha.

Tuko watu 5. Tulitengeneza ubao wenye safu tatu: Ya Kufanya, Inaendelea, Imekwisha. Leo safu ya kati ina kadi 19 na hakuna inayosogea. Tumekosea wapi?

Mshika mbili moja humponyoka, nanyi mmeshika kumi na tisa. Mmechukua ubao mkaacha kikomo, yaani idadi ya juu ya kadi zinazoruhusiwa kuendelea kwa wakati mmoja, na bila kikomo hiyo si kanbani, ni orodha ya kazi iliyotundikwa ukutani.

Utaratibu huu ulianzia viwandani Toyota, chini ya Taiichi Ohno. Kadi ilikwenda pamoja na sanduku la vipuri, na kituo cha nyuma hakikuruhusiwa kutengeneza kipuri kingine mpaka kadi irudi kutoka kituo cha mbele. Kwa hiyo kadi ilikuwa ruhusa ya kuanza kazi. Ninyi mnaitumia kujikumbusha tu, ndiyo maana zinazidi kuongezeka.

Sasa tupige hesabu. Kanuni ya Little, ambayo John Little aliitolea uthibitisho mwaka 1961, inasema hivi: wastani wa muda ambao kazi inakaa ndani ya mfumo ni idadi ya kazi zilizomo, ugawanye kwa idadi zinazotoka kila kipindi. Tuseme mnamaliza kadi 4 kwa wiki. Kadi 19 kwa 4 ni karibu wiki 5 kwa kila kadi. Zikibaki 8, ni wiki 2. Kasi ni ileile, na hakuna aliyekesha. Kanuni hii ni ya wastani, na inataka mfumo uliotulia, kwamba zinazoingia zilingane na zinazotoka. Ubao wenu unapokea zaidi ya unachotoa, kwa hiyo msianze kadi yoyote mpya kabla hamjapunguza hizo 19.

Jambo la pili: ivunjeni hiyo safu ya kati. Inaandikwa, Inasubiri Mapitio, Inapitiwa, Inasubiri Majaribio, Inajaribiwa. Kisha ifuateni kadi moja, tuseme ya kubadilisha nenosiri. Imeanza kuandikwa Jumatatu asubuhi, Jumanne mchana imekwisha. Imesubiri mtu wa kuipitia hadi Ijumaa. Mapitio yenyewe, dakika 20. Ikasubiri tena, Jumatano ya wiki iliyofuata ndipo ikajaribiwa kwa saa moja. Siku tisa kwa kazi isiyofika hata siku mbili. Bosi akitaka mwongeze kasi ya kuandika msimbo, mwonyesheni kadi hiyo.

Kikomo cha kuanzia? Kwa watu 5, wekeni 5 au 6 kwa ubao mzima kisha mteremke taratibu. Kikomo kisichomkera mtu hata mara moja ni kikubwa mno.

Kikomo kikijaa nami nimemaliza yangu, nifanye nini? Nikae tu?

Nenda upande wa kulia wa ubao. Kuna msimbo wa mwenzako unaosubiri kupitiwa, upitie. Kuna kadi iliyokwama kwa sababu mtu fulani hajajibu barua pepe, mtafute umbane. Vyote vikishindikana, andika jaribio la kiotomatiki mlilokuwa mkiliahirisha. Na hata ukikaa bure nusu saa, gharama yake ni ndogo kuliko ya kadi ya ishirini. Najua mameneja hawapendi kusikia hivyo. Wamezoea kuangalia nani ana shughuli badala ya kuangalia kazi ipi imetoka.

Bosi anasema tukihama skramu, ule utaratibu wa kufanya kazi kwa vipindi vifupi vya muda maalumu, kwenda kanbani, mikutano na mipango vimekwisha. Kweli?

Si kweli. Kinachoondoka ni ulazima wa sprinti, ndivyo vipindi hivyo. Bado mtakutana kuchagua kadi za kuingiza, na bado mtakaa kujiuliza nini kinawakwamisha. Wengine wanabaki na sprinti zao na kuweka kikomo juu yake, hakuna anayewakataza. Hata ilani ya ajaili, yaani ya utengenezaji wa programu kwa wepesi na hatua ndogondogo, iliyoandikwa na watu 17 huko Snowbird, Utah, Februari 2001, ina maadili 4 na kanuni 12, na neno sprinti halimo.

Mkutano wetu wa kila asubuhi unachukua dakika 40. Kila mtu anaeleza alichofanya jana, wengine wanachezea simu.

Hiyo ni ripoti kwa meneja. Skramu yenyewe inaupa mkutano huo dakika 15, na yale maswali matatu ya jana-leo-vikwazo yaliondolewa kwenye mwongozo wake mwaka 2020. Semeni na kadi, watu waacheni. Anzeni safu ya kulia kabisa, mrudi kushoto, na kila safu muanze na kadi iliyokaa muda mrefu zaidi: hii inahitaji nini ili itoke leo? Kadi inayokwenda vizuri msiiguse. Mkifika safu ya kushoto mmechoka, acheni hapo. Zile za kushoto hazijaanza, hazina haraka.

Mteja anataka tarehe. Tunapoteza nusu siku kila wiki kukisia pointi, zile namba za ukubwa wa kila kazi, na bado tunakosea.

Acheni pointi kwa muda, mtazame historia. Kwenye kila kadi andikeni tarehe ya kuanza na ya kumaliza, basi. Chukueni kadi 20 za mwisho, mzipange kuanzia iliyochukua siku chache hadi iliyochukua siku nyingi, halafu mhesabu hadi ya 17, kwa kuwa 17 kati ya 20 ni sawa na 85 kati ya 100. Ikiwa hiyo ilichukua siku 11, mna jibu la kumpa mteja: kazi za aina hii, 85 kati ya 100 hutoka ndani ya siku 11 tangu tuanze. Ni ahadi yenye ushahidi, na inataja wazi kwamba nyingine zitachelewa. Mteja akikasirika na hizo 15, mwonyesheni zilivyochelewa na sababu zake.

Kuacha makisio si wazo la kizembe. Mwaka 2004 David J. Anderson, aliyeileta kanbani kwenye kazi za programu, alipofanya kazi na timu ya matengenezo ya programu ndani ya Microsoft, moja ya hatua za mwanzo ilikuwa kuacha kukisia kila ombi, kwa kuwa makisio yenyewe yalikuwa yakila sehemu kubwa ya muda wa timu. Sharti moja: kadi zisitofautiane kupita kiasi. Kadi inayosema "tengeneza mfumo wa malipo" si kadi, ni mradi, ikatwe.

Kila siku inaingia "dharura" kutoka juu. Kikomo kinavunjwa kabla ya saa nne asubuhi.

Chora mstari wa dharura juu ya ubao, uwe na nafasi moja tu. Anayeleta ya pili aamue mwenyewe ipi itoke, tena mbele ya aliyeleta ya kwanza. Dharura nyingi hupungua hapohapo.

Tutumie programu gani ya ubao?

Yoyote inayokubali kikomo kwa kila safu na kuonyesha umri wa kadi. Mkikaa chumba kimoja, ukuta na karatasi za kunata zinatosha kuanzia.

Mjaribu wetu ni mmoja na kazi zinarundikana kwake. Meneja ameamua kuajiri mwandishi wa programu mwingine.

Basi rundo litakua haraka zaidi. Wekeni kikomo kwenye safu ya Inasubiri Majaribio, tuseme kadi 3. Ikijaa, wanaoandika wasimame wamsaidie kujaribu, ila mtu asijaribu msimbo wake mwenyewe. Mjaribu naye akae na mwandishi kabla kadi haijaanza, wakubaliane nini kitajaribiwa; hapo dosari nyingi hukamatwa kabla hazijaandikwa. Fanyeni hivyo kwa mwezi mmoja mkihesabu zinazotoka. Foleni isipopungua, meneja atangaze nafasi, lakini iwe ya mjaribu.