Pendo, Mangaka au Mnanje? Ninavyochagua mbegu ya karanga hapa Kongwa

Wanaoanza kulima karanga huniuliza waweke mbolea gani. Mimi huwauliza kwanza mbegu wameitoa wapi, na wengi hujibu: gulioni. Basi habari ya mbolea tuiache kwanza. Karanga za gulioni ni za kula. Zimechanganyika za miezi mitatu na za miezi minne, na ukizipanda, upande huu wa mstari zimekomaa, upande ule bado changa. Ukizisubiri zilizochelewa, zilizowahi zinaota ardhini. Ukiwahi kung'oa, unajaza magunia maganda yenye punje zilizosinyaa.

Mvua yetu Kongwa, mkoani Dodoma, ni ya msimu mmoja. Huanza Desemba, Aprili inaaga, na katikati jua linaweza kukaa wiki mbili tatu bila tone. Kwa hiyo ninachagua mbegu itakayomaliza kazi yake kabla mvua haijakata. Tegemeo langu ni Pendo, iliyotolewa mwaka 1998 na kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara. Hukomaa kwa siku 90 hadi 100, na wanunuzi wanaijua. Ila ina mambo mawili ya kuangalia. Ikishakomaa, mvua ya mwisho ikiikuta ardhini inaota humo humo, kwa hiyo siku ya kung'oa haina kesho. La pili ni ugonjwa wa rozeti unaosambazwa na vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mmea: mmea unadumaa, majani yanakuwa ya njano na kujikusanya, chini hukuti kitu.

Kama kwenu rozeti ni mgeni wa kila mwaka, tafuta mbegu zinazoitwa Mangaka 2009 au Naliendele 2009. Nazo ni za muda mfupi, na zinavumilia ugonjwa huo kuliko Pendo. Mnanje 2009 inazaa vizuri sana lakini hukaa shambani karibu miezi minne. Hiyo ningemshauri mtu wa Songea au Mbeya, siyo jirani yangu.

Aina yoyote utakayochagua, panda mvua za kwanza na usiache nafasi kubwa. Kwa hizi za muda mfupi mimi natumia sentimita 50 kati ya mistari na 10 kati ya mashimo, punje moja kila shimo. Majani yakifunika ardhi mapema, vidukari havilipendi shamba hilo. Watu huogopa vipimo hivi kwa sababu mbegu inakwenda nyingi, kilo 35 hadi 40 zilizobanguliwa kwa ekari. Ni kweli zinauma mfukoni.

Palizi maliza kabla maua hayajashika. Baada ya ua, karanga hushusha kijiti kinachopenya ardhini na kuzaa huko, na jembe likipita hapo unakata mavuno kwa mkono wako. Udongo nao uwe laini. Waingereza walikuja hapa hapa Kongwa mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga kwa maelfu ya ekari, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Moja ya yaliyowashinda ni huu mfinyanzi wetu, ambao ukikauka unakuwa tofali. Wazee wanasimulia mpaka leo. Mimi karanga napeleka kwenye kichanga, mfinyanzi nauachia mtama.

Kujua kama zimeiva, usitazame majani. Ng'oa mashina machache sehemu mbalimbali, pasua maganda, angalia ndani. Ganda changa ni jeupe ndani. Lililokomaa lina madoa ya kahawia au meusi. Mengi yakiwa na madoa, anza kazi siku hiyo. Anika kwenye turubai au chanja, kamwe siyo chini. Na tafadhali, ile tabia ya kulowesha maganda ili yabanguke kirahisi iacheni kabisa. Unyevu huo ndio unaokaribisha sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, na sumukuvu haitoki kwa kukaanga.

Uzuri wa karanga ni kwamba hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mbegu bora ukiinunua unaweza kuirudia misimu kadhaa, tofauti na mahindi chotara. Wakati shamba bado la kijani, nafunga kamba kwenye mashina yenye afya. Hayo nayavuna peke yake na kuyahifadhi na maganda yake. Nabangua kwa mkono karibu na kupanda, maana mashine huchubua ngozi ya punje na iliyochubuka haioti vizuri. Kisha nahesabu punje 100, nazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu kwa wiki moja. Zikiota 80 na zaidi, naingia shambani. Chini ya hapo, mzigo huo tunakaanga na mimi natafuta mbegu nyingine.